Mama Salma wako watatu kwenye kompyuta ya shule

Shikamoo Bi Mshauri,

Nakusoma kila wiki, mara nyingi nikiwa kwenye daladala narudi Ngamiani, na sikudhani siku moja nitakuandikia. Wenzangu wanakuletea ndoa na mirathi. Mimi nakuletea folda za kompyuta, unisamehe.

Ni mhazili wa shule moja ya msingi ya binafsi hapa Tanga. Nina miaka 54. Uhazili nilisomea Tabora, enzi za taipureta na hati mkato, na kabla ya shule hii nilikaa miaka sita masjala ya ofisi moja ya serikali, kwa hiyo majalada nayajua. Mwaka 2011 shule ilipofungua baruapepe, fundi alikuja akaweka Thunderbird, programu ya kusomea baruapepe, kwenye kompyuta ya mezani kwangu, akanionyesha namna ya kufungua folda, akaondoka. Tangu siku hiyo mimi ndiye napokea, najibu na napanga. Nina folda 61: Ada kwa kila mwaka, Walimu, Wazabuni, Mitihani, Halmashauri, Wazazi kwa herufi. Mkurugenzi akitaka barua ya 2016 ya yule mzabuni wa madawati, naitoa kabla hajamaliza chai.

Kitabu cha anwani nilikiandika vile tunavyoitana. Mzazi akija dirishani simwiti jina la kwenye kitambulisho, namwita Mama Salma, Baba Idrisa, na ndivyo nilivyowaandika. Mama Salma wako watatu. Mimi nawatofautisha kwa anwani zao: mmoja ametumia jina la duka lake, wa pili ana mwaka wake wa kuzaliwa, wa tatu anatumia anwani ya mumewe.

Mwaka jana nilimwombea kazi hapa mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 24, ana diploma ya tehama, anakaa kwangu, ananiita mama mdogo. Mkurugenzi alimwambia aweke mambo ya kompyuta sawa. Januari, bila kuniambia, akakitoa kitabu changu cha anwani, akakipitisha kwenye huduma fulani ya mtandaoni inayotafuta majina yanayojirudia, akakirudisha. Nilikuwa na kadi 412, zikarudi 338. Alinieleza usiku tukiwa mezani, amefurahi: "Mama mdogo, ulikuwa na takataka nyingi mle." Alikuwa ameniwekea na makundi: Wazazi, Walimu, Wazabuni, Serikali. Nilipopitia nikakuta kadi moja tu imebaki nje ya makundi yote, nayo ni ya dada yangu mwenyewe, niliyoiandika "Dada Muscat". Haijatumika tangu 2016. Nadhani ilimpita macho.

Februari ikatokea balaa. Mama Salma mmoja aliandika kwamba mumewe amesimamishwa kazi bandarini, akaomba alipe ada kwa mafungu manne. Nikaipeleka kwa mhasibu, mhasibu akaandika yake, Mkurugenzi akaandika yake, ikarudi kwangu imekubaliwa. Nikabonyeza kuipeleka mbele, nikaandika "Mama Sal", programu ikanimalizia, nikatuma. Ilikuwa saa kumi kasoro, gari la shule linapiga honi. Barua ikaenda kwa Mama Salma mwingine, na yote yaliyoandikwa chini yake.

Siku tatu baadaye yule mwenyewe akaja. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wageni, akasubiri wazazi wengine waondoke, ndipo akaniuliza: "Bi Mhazili, nimepewa pole sokoni Mgandini kwa ya mume wangu. Imefikaje huko?" Nilikosa la kusema.

Mkurugenzi ameniagiza mambo mawili. Kwanza, niandike maelezo. Pili, kabla shule haijafungwa Juni nimkabidhi kijana baruapepe yote, ipangwe upya, na yeye Mkurugenzi aweze kuiona kwenye simu yake. Akaongeza neno lililonichoma: "Maana mimi nikifungua kwenye simu naona barua za wiki mbili tu. Nyingine huwa unazipeleka wapi?" Miaka 14 sijafuta barua hata moja ya shule, Bi Mshauri. Mwakani natimiza 55, umri wa kustaafu kwa hiari, na naona kabisa natengenezewa njia ya kutokea. Kijana akishajua kila folda iko wapi, mimi wa nini?

Sasa lililo zito. Ndani ya folda ya Ada 2013 kuna folda ndogo inayoitwa Mengineyo. Humo hamna ada. Kuna barua 43 za dada yangu, alizoniandikia akiwa Muscat alikokwenda kufanya kazi za ndani kuanzia 2012 hadi 2016. Wakati huo mimi sikuwa na anwani yangu, akawa anatumia ya shule, nami nikaziweka mahali ambapo hakuna wa kutafuta. Aliniandikia asiyoweza kuyasema kwenye simu, mwanawe akiwa pembeni yangu anasubiri zamu yake ya kuongea. Jinsi alivyokuwa akiishi. Mshahara uliokuwa ukizuiliwa. Mara nyingi anamalizia, "Usimwambie mwanangu, mwambie mama yuko salama." Alirudi akiwa mgonjwa, akafariki 2017. Huyo mwana ndiye anayetakiwa kukabidhiwa folda zote 61.

Nikimtaja kwenye maelezo, nimemwangusha mtoto wa dada yangu. Nisipomtaja, nabeba peke yangu. Nikizifuta zile barua, nimefuta sauti yake. Nikiziacha, atazikuta. Jana nilikaa ofisini mpaka adhana ya magharibi, naivuta ile folda kutoka mahali pake, naipeleka pengine, nairudisha.

Nisaidie.

Mhazili, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Umeomba radhi kwa kuniletea folda badala ya mirathi. Nimeisoma barua yako mara tatu na mirathi nimeiona, iko Ada 2013, ndani ya Mengineyo.

Naona mambo matatu yamefungwa kwenye fungu moja, na yamekulemea zaidi kwa sababu yamekuja pamoja: barua iliyofika kwa asiye mwenyewe, makabidhiano yenye harufu ya kutiliwa shaka, na maneno ya marehemu. Ruhusu niyafungue moja moja, na nianze na lile jepesi, maana ndilo limekuchoma pasipo sababu.

Mkurugenzi anauliza barua za nyuma unazipeleka wapi. Hilo swali nililipeleka kwa kijana anayetushughulikia mitambo hapa, akacheka, akaniambia jibu liko kwenye mipangilio ya akaunti, wala si moyoni mwako. Ziko njia mbili za programu kama Thunderbird kuzichukua barua. Moja inaitwa POP. Hiyo ni kama yule tarishi wa zamani: anakwenda posta na funguo, anafungua S.L.P., anabeba barua anazileta ofisini, na sanduku linabaki tupu. Nyingine ni IMAP. Hiyo inakusomea barua zikiwa bado kule kule sandukuni, kwa hiyo mwenye funguo mwingine, awe kwenye simu au kompyuta ya nyumbani, anaziona zile zile na folda zile zile. Mafundi wengi wa miaka ile walifunga POP kwa sababu intaneti ilikuwa ya kubahatisha na nafasi kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza barua, ilikuwa finyu. Na Thunderbird, ikifungwa kwa POP, kwa kawaida huacha nakala kwenye seva kwa siku 14, kisha inaziondoa. Siku 14 ni wiki mbili. Ndizo anazoziona Mkurugenzi.

Kwa hiyo kabla hujaamua kwamba unatengenezewa njia ya kutokea, hebu jiulize kama yule bwana hakuwa anauliza tu kitu asichokielewa, kwa maneno mabaya. Inawezekana nakosea, mimi simjui, wewe unamjua. Lakini unaweza kumkalisha mbele ya kompyuta yako, ukafungua mipangilio ya akaunti, ukamwonyesha pale pameandikwa POP na pale pana namba 14. Dakika tano. Akibaki na shaka baada ya hapo, utakuwa umepata habari nyingine kumhusu, nayo ni muhimu kuijua kabla ya Juni.

Hapo hapo kuna jambo lililonitisha ambalo wewe hukulitaja. Kama ni POP, barua za miaka 14 ziko mahali pamoja tu duniani: ndani ya ile kompyuta ya mezani kwako. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo unaujua. Kabla ya maelezo, kabla ya makabidhiano, kabla hujaivuta tena folda yoyote, chukua nakala. Thunderbird huweka kila kitu, barua na kitabu cha anwani, ndani ya folda moja inayoitwa wasifu. Ukifunga programu na kuinakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje, umenakili kila kitu. Mwambie Mkurugenzi unafanya hivyo na kwa nini, tena kwa maandishi, na diski hiyo ibaki kabati la shule. Sitaki mtu aje kusema ulibeba nyaraka.

Sasa akina Mama Salma.

Umeandika kwamba kijana aliunganisha kadi "bila kuniambia", na ni kweli alikosea. Kitabu cha anwani cha mtu hakichukuliwi kama sufuria ya jirani. Lakini nikurudishe masjala kidogo. Miaka ile sita, ungeruhusu majalada matatu yawe na kichwa kimoja, bila namba ya kumbukumbu, kwa sababu wewe unayajua kwa rangi ya kamba? Najua jibu lako. Kwenye karatasi usingeruhusu. Kwenye kompyuta ukaruhusu, kwa sababu kompyuta ilikuwa yako peke yako, na kwa sababu kumwita mtu Mama Salma ni heshima na kumwandika jina la kitambulisho kunaonekana kama kumfungulia shauri. Kijana aliona majina matatu yaliyo sawa. Mashine nayo iliona hivyo hivyo. Tofauti ilikuwa kichwani mwako, na huko hakuna aliyealikwa.

Heshima si lazima ife. Jina la mbele la kadi laweza kuwa jina kamili la mtoto na neno mzazi, pamoja na namba ya usajili. Darasa usiliweke, linabadilika kila Januari, namba haibadiliki. "Mama Salma" liandike kwenye sehemu ya maelezo ya kadi, ambako utalisoma wewe ukimpigia simu. Usiliweke kwenye sehemu ya jina la utani, kwa maana Thunderbird hutafuta humo pia inapokumalizia jina, na utarudi kule kule. Zile kadi 74 zilizopotea hazikupotea zote, nyingi zitakuwa zimemezwa ndani ya kadi nyingine, kadi moja ina anwani tatu. Kuzitenganisha ni kazi ya mikono, na katika shule nzima ni mtu mmoja tu anayeweza kusema anwani ipi ni ya nani. Umeuliza, "mimi wa nini?" Hiyo ni sehemu ya jibu.

Kuna kitu kingine nakisema taratibu. Tuseme anwani ingekuwa sahihi. Mama Salma mwenyewe angefungua barua akakuta idhini yake, na chini yake aliyoandika mhasibu, na aliyoandika Mkurugenzi, kuhusu mumewe. Yalikuwa maneno ya kumfikia? Kitufe cha kupeleka mbele hubeba mkia wote. Barua ya aina hiyo ingeandikwa upya, mistari minne, "Ombi lako limekubaliwa." Nadhani hili unalijua, na nadhani ni sehemu ya kinachokunyima usingizi, kwa kuwa hili halina kijana ndani yake.

Basi maelezo uandike vipi? Naziona njia tatu na hakuna iliyo laini. Unaweza kubeba peke yako. Ni ya kishujaa, lakini kosa la kadi litabaki halijulikani, na ukiondoka kijana atalirudia kwa jalada jingine, pengine na anwani za wote 338. Tena ukweli huwa unatoka kwa njia nyingine, halafu itaonekana mlificha wawili. Unaweza kumtaja. Utakuwa umesema kweli, ila kweli iliyokatwa nusu, kama hutaandika na mkono wako ulipokuwa. Na nyumbani mnakula sahani moja. Au unaweza kueleza jambo jinsi lilivyotokea hatua kwa hatua: kadi ziliandikwa hivi tangu 2011, Januari ziliunganishwa, Februari barua ilipelekwa na mkia wake, na sasa tunafanya hivi. Mkurugenzi akiuliza nani aliunganisha, atajibiwa. Njia hii ina hatari ya kuonekana unakwepa, hasa kwa mtu anayetaka jina la kulaumu.

Yoyote utakayoichagua, sidhani kijana anastahili kuisikia kwanza ofisini. Yeye anajua kilichotokea Februari? Kwenye barua yako sikuona mahali ulipomwambia. Aliposema "takataka nyingi mle" uliumia, nimeona, lakini hukuandika ulimjibu nini.

Na Mama Salma, yule wa benchi. Umeniambia ulikosa la kusema. Je, baadaye ulilipata? Maelezo ya Mkurugenzi yatakaa kwenye jalada. Yeye bado anapita Mgandini. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na ina Tume yake, hivyo shule inayoshika madeni na afya za familia haiwezi tena kuliita jambo hili bahati mbaya ya ofisi tu. Sikutishi. Nasema ana haki ya kuambiwa nini hasa kilitoka, kilikwenda kwa nani, na kama huyo aliyepokea ameombwa kuifuta. Labda utakwenda wewe, labda Mkurugenzi ataona ni yeye. Wapo wanaofarijika wakifuatwa nyumbani na wapo wanaoona aibu imeongezwa. Wewe unamjua yuko upande gani.

Kuhusu kupanga upya folda zenyewe sina maneno mengi. Najua vijana watakwambia folda ni ushamba, weka kila kitu pamoja kisha tafuta. Wana hoja: barua moja ikihusu ada na ugonjwa, folda inakulazimisha uchague, wakati lebo unaweza kuzibandika mbili, na Thunderbird huja na lebo zake tano tayari. Masjala nasi tulikuwa na dawa yetu, nakala kila jalada na alama ya kurejea. Lakini utafutaji unataka neno la kutafuta, na wazazi wetu wanaandika kichwa cha barua "Habari" au "Shikamoo mwalimu". Mmoja anasema ada, mwingine karo, wa tatu anaandika "fizi". Ukitafuta ada, huyo wa fizi humpati mpaka kiyama. Folda 61 pengine ni nyingi. Pengine 20 zingetosha. Hilo mlizungumze nyinyi wawili mkiwa mbele ya kioo, naye akuonyeshe vichujio vinavyoweza kupeleka barua ya halmashauri kwenye folda yake bila mkono wa mtu. Inawezekana mtagundua mnabishania kitu kidogo.

Nimelizunguka la dada yako kwa sababu nilitaka ulifikie ukiwa umeshatua mengine.

Kwanza utaratibu, maana hapa utaratibu una uzito. Ili Mkurugenzi aone barua kwenye simu, mtahama kutoka POP kwenda IMAP: akaunti ile ile inafunguliwa upya kwa njia ya pili, kisha folda zinavutwa moja moja kutoka ile ya zamani kwenda mpya, zinapanda kwenye seva. Folda ya Ada 2013 itakapopanda, Mengineyo itapanda nayo. Siku hiyo barua 43 hazitakuwa tena kwenye kompyuta moja ya Tanga, zitakuwa kwenye simu ya Mkurugenzi. Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi ziwe kabla ya siku hiyo, na swali la kijana kuziona au kutoziona linaweza kusubiri. Umeyafanya kuwa swali moja, na ndiyo maana unaivuta na kuirudisha.

Ukizifuta, ujue kwamba kufuta kwenye Thunderbird si kuchana karatasi. Folda nzima ni faili moja refu, barua iliyofutwa hufichwa tu, maandishi yake yanabaki mle mpaka folda ishindiliwe, yaani programu iamriwe kuyaondoa yaliyofutwa. Na baada ya kushindiliwa hakuna pa kuzifuata. Sikukatazi. Wapo waliochoma barua za marehemu kwa kuheshimu wasia wao na wamelala vizuri. Ila naona dada yako hakukwambia uzichome. Alikwambia usimwambie mwanawe, na mwanawe wakati huo alikuwa na miaka 11, 12, 15. Alikuwa anamlinda mtoto. Je, alikuwa anamlinda na mtu mzima wa miaka 24 pia? Hilo mimi sina mamlaka ya kulijibu. Wewe ndiye uliyezisoma, wewe ndiye unajua kama kuna jambo mle ambalo angetaka lizikwe naye.

Ukizitunza, zinaweza kuhifadhiwa moja moja kama faili, au ukafungua anwani yako mwenyewe, ambayo nashangaa mpaka leo huna, ukazinakili huko. Kwa vile zilikaa kwenye sanduku la mwajiri, mweleze Mkurugenzi kwamba ziko barua za familia unaziondoa, idadi yake na miaka yake, bila yaliyomo. Atauliza zilifikaje. Ni aibu ndogo. Usifanye usiku.

Ukimpa kijana, usimpe kwa kumwachia azikute. Kukuta barua ya mama yako ndani ya Ada 2013, kati ya risiti, ni tofauti na kukalishwa na mama mdogo wako akakwambia nina kitu chako. Anaweza kukasirika kwamba alifichwa. Anaweza kuuliza pesa za shule yake zilitoka wapi, mwezi ambao mshahara ulizuiliwa. Inawezekana zipo tatu nne anazoweza kuzisoma sasa na nyingine zikasubiri.

Lakini mdogo wangu, rudi kwenye barua yako mwenyewe. Umesema kijana alizipitia kadi zote 412. Wazazi akawaweka kwao, wazabuni kwao, hata halmashauri ina kundi lake. Kadi moja tu hakuiunganisha, hakuifuta, hakuipa kundi, na ni ile iliyoandikwa "Dada Muscat". Wewe unadhani ilimpita macho. Huyu ni kijana aliyesafisha mpaka zikapungua 74, na mtu mmoja tu aliyekuwa Muscat katika maisha yake alikuwa mama yake.

Sisemi amezisoma. Kadi haina barua ndani. Inawezekana kweli hakuiona. Ila ikiwa aliiona, basi tangu Januari amekuwa akijua kwamba mama yake alikuwa na anwani, na kwamba alikuwa akikuandikia, naye amekaa mezani kwako kila usiku bila kuuliza. Kama mnanyamaziana wawili, pengine yeye naye anangoja wewe uanze.

Unaweza kuanzia kwenye kadi tu. Huna haja ya kufika kwenye folda siku hiyo hiyo. Mnapoketi kuwatenganisha akina Mama Salma, mkifika kwenye ile isiyo na kundi, muulize angependa iwekwe wapi.

Niandikie baada ya Juni, ukipenda. Safari hii tumia anwani yako.